Mpira Uliokawia Kushuka

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya tarehe sita Mei mwaka 1911, Leander Tibbs aliuinua wembe kutoka shingoni mwa mkuu wa posta na kungoja kivuli cha mpira kipite. Kivuli kiliingia kwa dirisha linalotazama mto, kikapanda kioo, kikavuka chupa za mafuta ya nywele, kikapita juu ya sikio la mteja na kutokea mlangoni. Mkuu wa posta, Amos Kettering, alitulia na povu lake. Wateja wote wa Tibbs walijua kwamba dakika hiyo si ya kunyoa, maana kivuli hucheza na macho ya kinyozi, na shingo ni moja tu.

"Kimenenepa," alisema Kettering kilipotoka. "Mwaka jana hakikuzidi kifungo cha koti. Leo ni kisahani kizima."

"Binti yangu Odessa anasema mpira unashuka," alijibu Tibbs, akaendelea na shavu la kushoto.

"Unashuka kweli?"

"Futi tano kwa siku. Anaupima dirishani kwa pini ya kofia na uzi. Anasema utatua Jumamosi ya tarehe kumi na saba mwezi ujao, alasiri."

Kettering alihesabu siku kwa vidole chini ya kitambaa cha kinyozi. Zamani ndiye aliyekuwa karani wa timu ya besiboli ya mji, na nyumbani kwake palikuwa na daftari la michezo lililofunguliwa ukurasa uleule kwa miaka ishirini na saba, mkewe akilipangusa vumbi kila Ijumaa. Katika ukurasa huo, kwenye mstari wa Tibbs, kulikuwa na kisanduku kimoja kitupu.

"Basi itabidi ninunue wino," alisema.

Mpira wenyewe ulipigwa tarehe kumi na nne Juni, 1884. Wakati huo Marlow Ferry ilikuwa na matanuri kumi na mawili ya kuchomea vyombo, na ukila hotelini popote kati ya hapa na Chicago, yaelekea ulikula kwenye sahani yetu. Mwenye matanuri, Royal Pennock, alikuwa pia na timu ya besiboli ya kulipwa, jina lake Wafinyanzi, ingawa kati ya wachezaji tisa ni wawili tu waliowahi kushika udongo. Leander Tibbs alikuwa mpigaji wake bora. Alikuwa pia mtu mweusi pekee katika ligi nzima, na miji mingine ilipokuja kucheza iliimba nyimbo kuhusu jambo hilo, na yeye alizipigia mpira ng'ambo ya uzio mpaka zikaisha maneno.

Enzi hizo mpigaji alikuwa na haki ya kusema anautaka mpira wa juu au wa chini, na mrushaji alilazimika kumpa alichoomba. Wengine walikuwa wakifoka. Tibbs aliomba kwa adabu: "Chini, tafadhali." Warushaji walisema afadhali wangetukanwa.

Siku hiyo tulicheza na Galloway, mji wa bonde la pili. Mchezo ulikuwa ukingoni, pointi nne kwa nne, na Tibbs alikuwa na gongo mkononi. Mgongo ulimuuma kwa sababu ya safari ya treni. Kwa mara ya kwanza maishani alisema, "Juu, tafadhali." Akaupiga. Waliokuwepo wanakubaliana kuhusu mlio tu, kwamba ulikuwa mlio mtamu. Mpira ulipanda, ukapanda tena, ukafika mahali ukatulia.

Tibbs alikuwa amekwisha kupita vituo viwili na kufika cha tatu, amebakiza mbio moja ya kurudi nyumbani alipoanzia, mwamuzi aliponyanyua mkono. Mwamuzi alikuwa Silas Gort, fundi saa, mtu wa neno lake.

"Simama hapo, Bwana Tibbs," alisema. "Mpira ukidakwa, wewe umetolewa. Ukigusa ardhi, wewe unaendelea. Kwa sasa haujafanya lolote."

Mtu mmoja wa Galloway alikumbusha kwamba mpira ukipotea hutafutwa dakika tano, kisha huletwa mwingine. Gort alitazama juu, akatazama saa yake. Alisema mpira haukupotea, kila mtu anauona. Kwa hiyo hakuna mwingine utakaoletwa, na mchezo unaendelea. Walingoja mpaka supu zikapoa majumbani. Hatimaye Gort akatoa ruhusa watu wakale. Mkimbiaji aliruhusiwa kuondoka mradi aache kofia yake kituo cha tatu imshikie nafasi. Mdakaji hakuruhusiwa, kwa sababu anayetaka kudaka hana budi kuwa chini ya mpira.

Mdakaji huyo aliitwa Dennis Mulrooney, wa Galloway, umri miaka ishirini. Wenzake walipanda treni ya jioni wakamwambia watarudi Jumamosi. Baada ya miaka miwili timu yao ilivunjika. Mulrooney alibaki katikati ya uwanja. Binti wa mwoka mikate, Wilhelmina Stroh, alikuwa akimpelekea mkate, kisha akampelekea mkate na siagi, kisha padri akaitwa, akaja uwanjani na viatu vyake vizuri. Walijenga nyumba ya vyumba viwili yenye tundu kwenye paa, kitanda chini ya tundu. Wakalima kabichi pande zote. Wafinyanzi wakahamia uwanja mpya karibu na reli, na uwanja wa zamani ukabaki wa Mulrooney, kabichi zake, na kofia ya Tibbs kituo cha tatu, ambayo kuku waliiona inafaa kutagia.

Majira ya baridi ya mwaka uleule wa 1884 wenye timu za ligi walikutana hotelini, wakala bata, wakakubaliana kwamba wachezaji weusi wasisajiliwe tena. Hawakuandika popote. Pennock ametusimulia mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa mwisho kabisa, ili waone kwamba hakupenda. Aliporudi alimwita Tibbs ofisini, akampa kiti, na kwa kweli macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi binafsi sina neno, Leander," alisema. "Lakini wewe bado unapiga. Mpira wako uko hewani. Siwezi kumsajili kwa msimu mpya mtu ambaye hajamaliza wa zamani. Tusubiri ushuke kwanza."

Tibbs alifungua duka la kunyolea. Wateja wake wa mbele walikuwa wazungu, na wazungu wa Marlow Ferry hawakutaka wembe uliopita kwenye shavu jeusi, kwa hiyo ndugu zake mwenyewe aliwanyolea jikoni, kwa wembe mwingine, uliokuwa mkali zaidi. Pennock alikuja kila Jumamosi. Kwa miaka ishirini na saba mtu aliyenyoosha mkono wa mwisho aliegemeza kichwa nyuma, akafumba macho na kumwachia Tibbs koo lake, na hakuwahi kutoka na mkwaruzo hata mmoja.

Sasa Tibbs alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mkataba hakuutaka tena, magoti yalishakataa. Alitaka jina. Wafinyanzi wa 1884 ndio timu bora tuliyowahi kuwa nayo, na Pennock alikuwa ameagiza bamba la shaba litakalobandikwa langoni mwa uwanja mpya, lenye majina ya wachezaji wa mwaka ule. Lilikwisha kufika. Lilikuwa na majina manane, na chini yake nafasi tupu yenye upana wa kiganja.

Binti yake Odessa ndiye aliyekwenda kuuliza. Odessa alichora maua kwenye sahani za Pennock, akizichukua wazi na kuzirudisha zimechanua, na alikuwa na ulimi ambao mama yake, Mungu amrehemu, alishindwa kuupunguza. Aliweka kikapu cha sahani juu ya meza ya Pennock.

"Nafasi ile ya chini kwenye bamba ni ya nani, Bwana Pennock?"

"Ni ya jambo la heshima."

"Jambo la heshima lina jina?"

"Odessa, wale wanane walimaliza mchezo. Baba yako hajamaliza. Si mimi ninayesema, ni daftari."

"Tarehe kumi na saba Juni atamaliza."

Pennock alinyanyua sahani moja, akalikagua waridi lake. Rangi ilikuwa imekaa vizuri sana. "Mpira ukishuka," alisema, "hakutakuwa na kizuizi. Nimesema hivyo tangu mwaka themanini na nne, na mimi si kigeugeu."

Odessa alirudi nyumbani akamweleza baba yake neno kwa neno. Tibbs alikuwa ananoa wembe. Alinoa muda mrefu kuliko kawaida.

"Kasema 'hakutakuwa na kizuizi'?"

"Kasema."

"Hakusema 'nitaliandika'."

"Baba, ndiyo maana nimekuletea maneno yake yalivyo, sikuyapika."

Alicheka, lakini furaha ilikuwa imemshika, na alipolala aliota anakimbia na magoti yote mawili yanamkubalia.

Mjini watu walijipanga. Wanawake waliokuwa wakipima muda wa kuoka mikate kwa kivuli cha mpira walianza kununua saa. Njiwa waliozoea kupumzika juu ya mpira walihamia kanisani. Mwalimu mkuu alikuja na ngazi ili aguse mpira ulipofika futi arobaini, akafukuzwa na Wilhelmina kwa fagio, kwa sababu mchezo ulikuwa bado unaendelea na watazamaji hawaruhusiwi uwanjani.

Jumapili kabla ya siku yenyewe Tibbs alikwenda kumnyoa Mulrooney, kama alivyofanya kila Jumapili baada ya kanisa, akiwa na pai ya tufaha ndani ya kitambaa. Mulrooney alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya kabichi, uso juu. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na shingo yake ilikuwa imeganda hivyo, ukitaka kuzungumza naye macho kwa macho ilikupasa upande kiti.

"Tulia basi. Ukitikisika nakukata pua."

"Ikate tu. Inanizibia njia."

Mpira ulikuwa futi thelathini juu yao. Nyuzi nyekundu za mshono zilionekana, na doa la mchanga palipogongwa.

"Leander, nikuulize kitu."

"Wewe uliza, mradi usichezeshe kidevu."

"Nikiudaka je?"

"Utakuwa umeudaka."

"Wewe utakuwa umetolewa."

"Sheria naijua, bwana wee. Nimekaa kituo cha tatu miaka ishirini na saba."

"Kofia yako ndiyo iliyokaa. Wewe ulikuwa nyumbani unakula pai."

"Nusu ya pai hizo umekula wewe."

Mulrooney hakubisha, ilikuwa kweli. Shavu moja likaisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ingawa aliyekuwa karibu ni kuku tu, "Mtu wa umri wangu hujikwaa. Kabichi zimejaa hapa. Nani atajua?"

Tibbs alifuta wembe begani, akaukunja.

"Mimi nitajua. Sikiliza, Dennis. Ule mpira niliupiga vizuri. Katika maisha yangu nimefanya mambo mengi nusunusu, lakini lile nililifanya zima. Sitaki unipe. Ukijikwaa kwa makusudi sikunyoi tena, ndevu zikufike magotini, Wilhelmina akusukie mabutu."

"Utakosa jina lako."

"Basi nilikose kwa haki."

Mulrooney alipepesa macho, na machozi yaliyotoka yalishuka masikioni, kwa jinsi shingo yake ilivyokaa. Tibbs aliyaona akaona haya. Akauchukua mkasi mdogo. "Nyusi zako zimekuwa msitu," alisema. "Na hizo zinakuzibia njia." Akazikata moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, mpaka macho ya mdakaji yakawa wazi kabisa kuelekea juu.

Pennock naye alikwenda kwa Mulrooney siku ya Jumatano, akampelekea miwani mipya katika kasha la ngozi. Alimwambia mji mzima unamtegemea. Hakusema unamtegemea afanye nini.

Jumamosi ilipofika maduka yalifungwa adhuhuri. Watu walijaa pembeni mwa uwanja wa zamani, wazungu upande wa mbao za kukalia, weusi upande wa jua, kama mwaka themanini na nne. Bendi ya kiwanda ilipiga nyimbo tatu inazozijua. Kettering aliletewa meza na kalamu. Mpira ulikuwa juu tu ya paa la Mulrooney, unazunguka polepole.

Saa nane na nusu Silas Gort alifika kwa miguu kutoka makaburini. Alikuwa amefariki mwaka 1899 kwa homa ya mapafu, lakini alikuwa amesema atakuwepo mpira ukishuka, na alivaa suti aliyozikwa nayo, ambayo mshonaji wetu aliisifia kwamba imetunza rangi. Mjane wake, aliyekwisha kuolewa na muuza makaa, alimpisha kiti na kumuuliza kuhusu kikohozi.

"Kimeisha," alisema Gort. Akatoa saa mfukoni, akailinganisha na ya kanisa. Ya kanisa ilikuwa nyuma dakika mbili.

Alimtuma mtu aondoe mayai kwenye kofia. Tibbs alisimama kituo cha tatu na kofia kichwani na aproni ya kinyozi kiunoni, kwa sababu alikuwa amefanya kazi mpaka dakika ya mwisho. Odessa alisimama karibu naye, nje ya mstari.

"Umefunga viatu?" alimuuliza.

"Nimefunga."

"Goti la kushoto?"

"Usilitaje, litasikia."

Saa tisa na dakika ishirini mpira ukaukumbuka mwendo wake. Kwa siku zote arobaini na mbili ulikuwa ukishuka taratibu kama ndoo kisimani, na Mulrooney alikuwa ameizoea taratibu hiyo. Sasa ulitelemka na nguvu yote uliyoiweka akiba tangu 1884. Mulrooney hakujikwaa. Tuliokuwepo tutaapa kwa hilo. Alirudi nyuma hatua mbili, akafungua mikono mitupu, maana wakati wake wadakaji hawakuvaa glovu, na mpira ukamwingia viganjani sawasawa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi ya majira ishirini na saba. Havikufunga. Mpira uliruka, ukampiga kifuani, ukaanguka kati ya kabichi mbili na kukaa hapo.

"Umegusa ardhi," alisema Gort. "Endelea, Bwana Tibbs."

Tibbs akakimbia. Hatuwezi kusema alikimbia vizuri. Aproni ilimnasa mapajani na goti la kushoto lilikuwa limesikia. Mulrooney, aliyekuwa analia kwa sauti, aliokota mpira na kuurusha kwa nguvu zake zote kuelekea nyumbani, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa kazi yake, na ulikuwa mrusho safi ambao ungemtoa Tibbs kwa hatua tatu. Lakini mdakaji wa kituo cha nyumbani wa Galloway alikuwa Kansas akifuga nyuki. Mpira ulipita patupu ukagonga uzio. Tibbs alifika, akakanyaga pale alipoanzia akiwa kijana, akainama akiwa ameshika magoti.

"Nyumbani salama," alisema Gort. "Tano kwa nne. Wafinyanzi wameshinda." Akaandika saa, akapeana mkono na mpigaji, akapeana mkono na mdakaji, akamuaga mjane wake na kurudi alikotoka bila kungoja bendi.

Kettering alichovya kalamu akajaza kisanduku. Aliandika kwa wino mweusi, na ili jina lisije likafifia alirudia mara ya pili juu ya herufi zilezile, *Tibbs*. Watu walirusha kofia. Mulrooney alitembea mpaka nje ya uwanja, mara ya kwanza tangu mwaka themanini na nne, akasimama barabarani hajui aende wapi. Tibbs alimfuata akamshika bega, na wote wawili walikuwa wanacheka na kufuta pua kwa aproni moja. Hakuna mtu aliyemwona Leander Tibbs akiwa na furaha kiasi hicho, wala kabla wala baada.

Kwetu timu inayoshinda huchukua mpira wa mchezo. Hupakwa rangi ya dhahabu, huandikwa matokeo na tarehe, na huwekwa mahali pa heshima. Pennock aliuchukua mpira mwenyewe, akaufunga katika leso ya hariri.

Bamba lilizinduliwa baada ya wiki mbili. Pennock alivuta kitambaa, bendi ikapiga wimbo wa pili kati ya ile mitatu. Majina manane yalikuwa palepale. Katika nafasi ya chini palikuwa na kikasha cha kioo, na ndani yake mpira wa dhahabu, na chini ya mpira maneno haya: *Mpira uliopigwa na Wafinyanzi wa Marlow Ferry, 1884. Ulishuka 1911.*

Odessa alimngoja Pennock mpaka watu walipopungua.

"Jina la baba liko wapi?"

"Liko daftarini, binti yangu, kwa wino, mara mbili. Kettering amelileta daftari ofisini kwangu nami nimelitia katika kabati la chuma. Halitapotea."

"Ulisema hakutakuwa na kizuizi."

"Hakuna kizuizi. Kuna nafasi tu. Ilikuwa moja, ama jina, ama mpira." Alionyesha foleni ya watoto waliobandika pua kwenye kioo. "Watu wanataka kuuona mpira."

"Na wapigaji weusi wa sasa? Wenye miaka ishirini na magoti mazima? Mpira wa baba umeshuka. Unawasubirisha kwa nini hao?"

Pennock alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nitawasajili vipi, Odessa? Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kucheza katika ligi."

Odessa alimrudishia kikapu alichokuja nacho. Sahani dazeni mbili zilikuwa wazi, nyeupe, hazina ua hata moja, na hakuchora tena kwa ajili yake. Zile zilizokwisha kuchanua ziliendelea kuuzwa Chicago, na chini ya kila moja pana mhuri wa Pennock.

Kwa hiyo bamba lipo. Wageni hulisoma wakingoja tiketi. Wengine huhesabu majina kwa kidole, wafike nane, warudi juu waanze tena, kwa sababu mchezo huu huchezwa na watu tisa na kila mtoto anajua hivyo. Kisha lango hufunguliwa wakaingia.

Mulrooney alihamia juu ya duka la mikate la baba mkwe wake. Shingo yake haikunyooka. Jumapili hujinyoosha kwenye kiti cha Tibbs, kile cha mbele, na hulala.

Kivuli hakikuondoka. Tulidhani kingefuata mpira, lakini kila asubuhi yenye jua, saa nne na dakika kumi, huingia kwa dirisha linalotazama mto, kisahani kizima, bila kitu chochote juu yake. Kettering alisema huenda kivuli nacho kimechelewa. Walionunua saa walijuta.

Jumamosi ya pili ya Julai Pennock alikuja kama kawaida, akaning'iniza kofia, akaegemeza kichwa nyuma na kufumba macho. Tibbs alimpaka povu, akaanza chini ya sikio akaja taratibu mpaka kooni. Hapo akasimama. Pennock alingoja. Wembe haukusogea wala haukutoka, ulikuwa umetulia juu ya ngozi, baridi, na Pennock alifumbua jicho moja.

"Unasubiri nini, Leander? Mpira si umeshashuka."

"Umeshashuka, Bwana Pennock," alisema Tibbs.

Aliuinua wembe. Kivuli kilipanda kioo, kikavuka chupa, kikapita juu ya uso wa Pennock na kutokea mlangoni. Kisha akamalizia kumnyoa, vizuri sana, bila mkwaruzo.